Mtoto anayechelewa: tumpeleke lini hospitali?

Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo kina mama wengi hulitaja mwisho kabisa, wakati mtoto ameshapimwa uzito, ameshachomwa sindano, na kadi imesharudi mkononi. Mama anafika mlangoni, anageuka, anasema kwa sauti ya chini: "Sista, huyu bado hasemi." Au: "Huyu hakai." Au: "Nikimwita haitiki, lakini mlio wa pikipiki anausikia." Sisi wauguzi tumeona mara nyingi kwamba hilo neno la mlangoni ndilo hasa lililomleta. Homa na kikohozi zilikuwa kisingizio tu. Basi tunawaomba: neno hilo lisemeni mwanzo, si mwisho. Nanyi mkiona foleni ni ndefu na nesi ana haraka, semeni hivyo hivyo.

Ziko hali ambazo chanzo chake ni namna ubongo wa mtoto unavyokua. Huanza tumboni, au wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya mwanzo. Mtoto haonekani mgonjwa. Anakula, ananenepa, uso mzuri, lakini kukaa, kutembea, kusema, kucheza na wenzake au kujifunza hakuji kama kwa watoto wengine.

Huku kwetu watu wana desturi ya kuziita hali zote hizi "mtindio wa ubongo", na hapo ndipo mchanganyiko unapoanza. Mtindio wa ubongo kwa haki yake ni tatizo la viungo na mwendo: sehemu ya ubongo inayoongoza misuli iliumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye, ndiyo maana mtoto anakakamaa, au analegea, au miguu inapishana kama mkasi. Akili yake huenda ikawa nzima kabisa. Tumewaona watoto wasioweza kushika kijiko wakicheka mzaha kabla ya watu wazima kuuelewa. Usonji ni kitu kingine: viungo vizima, bali mtoto ana shida katika kuhusiana na watu na kuwasiliana nao, na ana mambo yake anayoyarudia rudia. Ulemavu wa akili ni pale ambapo kuelewa na kujifunza kote kunakwenda polepole sana. Wapo watoto wenye hali ya Down, ambao wakunga wengi huitambua siku ile ile ya kuzaliwa kwa macho, shingo na mistari ya kiganja. Wapo wasioweza kutulia wala kuweka mawazo mahali pamoja, na wapo wenye akili nzuri ambao herufi tu ndizo zinazowashinda. Mtoto mmoja aweza kuwa na mbili kati ya hizi kwa pamoja, na kifafa juu yake.

MTOTO WA JIRANI SI KIPIMO

Swali la kwanza la mzazi ni hili: amechelewa kweli, au ni hofu yangu? Mama mmoja anaogopa kwa sababu wa kwake ana mwaka mmoja hatembei, na wa jirani alitembea akiwa na miezi tisa. Mwingine haogopi kabisa, wa kwake ana miaka miwili hajasimama, kwa kuwa mama mkwe amemwambia kwamba hata baba yake alichelewa.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2006 matokeo ya uchunguzi wa watoto wenye afya katika nchi 5: Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani. Walifuatilia lini mtoto anakaa, anasimama na kutembea. Ikaonekana kwamba muda ni mpana kuliko watu wanavyodhani. Kukaa bila kushikwa kulianza kati ya karibu miezi 4 na miezi 9 na kidogo. Kutembea peke yake kulianza kati ya miezi 8 na karibu miezi 18. Kwa hiyo mtoto wa mwaka mmoja asiyetembea, lakini anakaa vizuri na kusimama kwa kushika kiti, tunamngoja kwa amani. Asiyekaa akiwa na miezi 10 hatumngoji. Asiyetembea akiwa na miezi 18 hatumngoji pia.

Kama mtoto alizaliwa njiti, hesabuni umri wake kuanzia siku aliyopaswa kuzaliwa, siyo siku aliyozaliwa, mpaka afikishe miaka miwili. Aliyezaliwa miezi miwili mapema, akiwa na miezi 10 kwenye kadi mtazameni kama wa miezi 8. Jambo hili dogo lingewaokoa kina mama wengi wa njiti na wasiwasi wa bure.

Sasa tuseme dalili ambazo zikionekana mtoto aletwe bila kungoja siku ya kliniki. Mtoto wa miezi 3 asiyetabasamu mtu anapomchekea. Mtoto wa miezi 4 ambaye shingo bado haikazi. Mtoto anayekunja ngumi muda wote, au anayekakamaa unapomvika nguo, au anayetumia mkono mmoja tu kabla ya kufikisha mwaka. Hili la mkono tunalisema kwa mkazo, kwa sababu wazazi hufurahi wakidhani atakuwa wa mkono wa kushoto, kumbe mtoto mdogo namna hiyo hutumia mikono yote miwili, na akiuacha mmoja huenda ule mwingine una udhaifu. Mtoto wa mwaka mmoja ambaye hajaanza kubwata "ba-ba-ba, ma-ma-ma", haitiki jina lake, wala hapungi mkono. Mtoto wa miezi 16 asiye na neno hata moja. Mtoto wa miaka 2 asiyeunganisha maneno mawili, kama "mama njoo" au "nataka maji".

Na iko dalili moja isiyo na umri. Mtoto aliyekuwa akisema akanyamaza, aliyekuwa akicheka na watu akajitenga, aliyekuwa akitembea akarudi kutambaa. Kupoteza kitu alichokwisha kukipata si kudeka, wala si wivu wa mdogo wake aliyezaliwa. Aletwe wiki hiyo hiyo.

Watu hutuuliza kama lugha mbili nyumbani zinamchelewesha mtoto. Bibi anasema Kihaya, mama Kiswahili, dada wa kazi anasema lugha ya kwao. Hapana. Mtoto wa kawaida huzipokea zote, na tunahesabu maneno ya lugha zote pamoja. Wala msiiache lugha ya bibi kwa ajili hiyo. Kinachopunguza maneno ni mtoto kukaa bila kusemeshwa. Siku hizi simu imekuwa yaya. Simu haileti usonji, lakini saa tatu za katuni ni saa tatu bila mtu wa kumjibu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya kioo cha simu wala televisheni, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku.

KIDOLE CHA MTOTO

Katika usonji kuna ishara moja tunayoipenda kwa kuwa haihitaji chombo chochote, nayo ni kidole. Mtoto wa mwaka mmoja na miezi michache akiona ndege, ng'ombe au gari la taka, hunyosha kidole, kisha hugeuka kumtazama mama kuhakikisha kwamba naye ameona. Hataki kupewa ng'ombe. Anataka mwenzake wa kushangaa naye. Mtoto mwenye usonji mara nyingi hafanyi hivyo. Akitaka kikombe hukushika mkono na kuupeleka kwenye kikombe, kana kwamba mkono wako ni kijiti cha kuangulia embe. Ukinyosha wewe kidole, hutazama kidole au hatazami kabisa.

Mengine mtayaona mkitulia na kumwangalia akicheza. Gari la kopo halisukumi, analigeuza na kuzungusha magurudumu. Mfuniko wa sufuria unazunguka sakafuni nusu saa. Vizibo vya soda vinapangwa mstari, na ukikiondoa kimoja ni kilio cha msiba. Anapeperusha mikono, anatembea kwa vidole, anarudia tangazo la redio neno kwa neno wakati hawezi kuomba maji. Wengine hawastahimili sauti: mashine ya kusaga ikiwashwa wanaziba masikio na kulia, na Jumapili ngoma za kwaya zikianza wanakimbia nje. Waumini wa benchi la nyuma humtazama mama kana kwamba ameshindwa kulea. Tunaomba macho hayo yapungue. Wengine hula chakula cha rangi moja tu au cha aina moja tu.

Dalili moja peke yake haitoshi. Watoto wengi hutembea kwa vidole kwa muda, na wengi hupenda vitu vinavyozunguka. Tunatazama mkusanyiko, na hasa uhusiano na watu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Wavulana wanaogunduliwa ni wengi kuliko wasichana, lakini nasi tunaona kwamba msichana mkimya anayekaa pembeni na mdoli wake husifiwa kwa adabu, na hakuna anayeuliza kwa nini hana rafiki hata mmoja.

Tulipata kuwaona watoto wawili katika mwaka mmoja waliotufundisha kuuliza vizuri. Wa kwanza, mvulana wa miaka mitatu, aliletwa kama kiziwi. Walikuwa wameshamtia dawa za sokoni masikioni. Ni bibi yake aliyesema: "Huyu si kiziwi. Nikifungua karatasi ya biskuti chumbani, yeye yuko uani, anakuja mbio. Ila mimi hanitazami, tangu mdogo hanitazami." Masikio yake yalipimwa yakawa mazima, na mwishowe ikajulikana ni usonji. Wa pili, msichana wa miaka minne na nusu, aliletwa kama mpungufu wa akili. Lakini huyo alikutazama usoni, akafuata kila ishara ya mkono, akanyosha kidole dirishani kutuonyesha mbuzi. Kumbe hakuwa akisikia. Miaka minne na nusu ya kuitwa mjinga, na shule ya viziwi ingalimpokea. Ndiyo maana kila mtoto asiyesema hupimwa masikio kwanza, hata kama familia inaapa kwamba anasikia. Ndiyo maana pia tunapenda bibi aje.

NANI ALAUMIWE?

Hapa tuseme wazi, kwa sababu nyumba zinavunjika. Mtoto akichelewa, mara nyingi lawama humwendea mama. Ameleta laana ya kwao. Alikula kitu alipokuwa mjamzito. Alitembea nje ya ndoa. Jirani amemroga. Wapo kina baba waliohamia mjini mtoto alipofikisha miaka miwili hasemi, wakaacha neno kwamba upande wao hakuna watu wa namna hiyo. Na wapo watoto wanaotufikia wakiwa wameshachanjwa chale kifuani, wamefukizwa, wamenyweshwa dawa za mizizi zilizowaharibu ini, na ng'ombe wawili wa familia wameshakwenda kwa mganga.

Si laana. Wala malezi ya mama hayaleti usonji. Hilo liliwahi kuandikwa na wataalamu wa Ulaya na Marekani karne iliyopita, nalo likaja kukanushwa. Sababu kubwa ya usonji ni ya kurithi, katika vinasaba, na vinasaba hutoka kwa baba na mama wote wawili. Mtindio wa ubongo huweza kuletwa na kuzaliwa njiti, mtoto kukosa hewa wakati wa uchungu uliokwama, manjano kali ya siku za kwanza isiyotibiwa, au homa ya uti wa mgongo. Hapa ndipo penye kazi ya kuzuia: kujifungulia hospitalini, mtoto mchanga mwenye macho na ngozi ya njano kurudishwa siku hiyo hiyo, na mjamzito kupata vidonge vyake vya madini ya chuma na foliki asidi.

Malaria ya kichwani nayo ina deni lake. Uchunguzi uliofanyika Kampala na kutolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba karibu mtoto 1 kati ya 4 waliopona malaria hiyo alikuwa na upungufu wa akili, kama vile wa kumbukumbu au wa umakini, hata baada ya miaka 2. Hapa Tanzania, mwaka 2006, yalitolewa maelezo ya watoto 14 wenye usonji. 3 kati yao walikuwa wamekua vizuri hadi walipougua malaria kali yenye homa ndefu na degedege, na hali ikaanza walipopona. Watoto 14 ni wachache mno kujenga kanuni, lakini latosha kuwaambia wazazi: mtoto akitoka wodini baada ya malaria kali, msitazame homa peke yake. Mtazameni anavyosema na kucheza, na mrudi naye akibadilika. Na degedege si ya kwenda kumpaka mtoto kinyesi cha tembo wala kumtia kijiko kinywani. Mlazeni ubavu, kisha mbio hospitalini.

Kuhusu chanjo: mwaka 1998 gazeti kubwa la madaktari la Uingereza, Lancet, lilichapa makala ya Andrew Wakefield iliyodokeza kwamba chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela inahusiana na usonji. Mwaka 2010 gazeti hilo hilo liliifuta makala hiyo, na mwandishi akaondolewa katika orodha ya madaktari wa Uingereza. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walitoa hesabu ya watoto 657,461: waliochanjwa hawakuwa na usonji zaidi ya wasiochanjwa. Uvumi huo umefika hata vijijini kwetu kwa njia ya simu. Surua inaua, na inaweza kuharibu ubongo wenyewe. Chanjo ya miezi 9 na ya miezi 18 msiziache, na safari hizo mbili ndizo nafasi nzuri ya kutuuliza habari za kusema na kutembea.

HOSPITALINI HUFANYIKA NINI

Wazazi wengi hufika wakiomba "kipimo cha kichwa". Wamekopa fedha za picha. Hatuna budi kuwaambia kwamba hakuna damu, mkojo wala picha ya kichwa inayoonyesha usonji. Picha hufaa katika baadhi ya hali, mathalani kichwa kinachokua haraka mno, na daktari ndiye ataamua. Damu hupimwa kutafuta mambo yanayotibika, kama upungufu wa homoni ya tezi ya shingo, ambao ukigunduliwa mapema mtoto huokolewa akili yake kwa kidonge cha kila siku. Lakini usonji na ndugu zake hugunduliwa kwa kuuliza na kutazama, na kipimo kikubwa ni ninyi mnaoishi na mtoto.

Mtaulizwa habari za mimba, saa za uchungu, kama mtoto alilia mara moja, kama alikuwa na manjano, alipata homa gani, lini alikaa, lini alisema. Kadi ya kliniki ije, hata kama imechanika. Atapimwa mzunguko wa kichwa, masikio na macho. Kisha atapewa vitu vya kuchezea sakafuni, na daktari atakaa kimya kwa muda akitazama. Kina baba hununa wakidhani daktari hafanyi kazi. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kama mna simu ya kamera, mpigeni picha ya video ya dakika mbili nyumbani, akicheza, akila, na lile tendo linalowatia hofu, kwa sababu siku ya hospitali mtoto huenda akalala usingizi au akalia tu.

Ziko pia orodha za maswali. Maswali 10 ya watoto wa miaka 2 hadi 9, ambayo yamejaribiwa hata Kilifi huko Kenya, huuliza mambo rahisi: je, ukilinganisha na wenzake amechelewa kukaa au kutembea, anaona, anasikia, huelewa unachomwambia, huanguka kifafa? Kwa watoto wa miezi 16 hadi 30 ipo orodha nyingine ya maswali 20 kuhusu usonji. Orodha hizi huchuja tu. Anayenaswa na chujio hajahukumiwa kuwa na ugonjwa. Anapelekwa mbele kwa daktari wa watoto au wa magonjwa ya akili. Msishtuke kwa neno "akili": kliniki hiyo si ya vichaa. Mara nyingine rufaa huenda hadi Muhimbili, KCMC au Bugando, na jibu la mwisho huchukua ziara kadhaa. Daktari anayesema "turudi baada ya miezi mitatu" hakuwafukuza. Mtoto wa miaka miwili hubadilika upesi, na ni afadhali kutazama mara mbili kuliko kumpa jina lisilo lake.

Ila kungoja jibu kusiwe kungoja msaada. Mazoezi ya viungo na ya kusema huanza hata kabla jina la hali halijajulikana, na hayawezi kumdhuru asiyekuwa nayo.

Tuseme kidogo juu ya yule asiyetulia, kwa kuwa walimu hutuandikia barua. Mtoto wa miaka mitatu kukimbia kimbia ndiyo kazi yake. Hali ya kutotulia tunaifikiria pale ambapo jambo limedumu zaidi ya miezi 6, lilianza kabla ya miaka 12, na linaonekana nyumbani na shuleni pia. Anayesumbua darasani tu, pengine haoni ubao. Anayesumbua nyumbani tu, pengine nyumba ndiyo yenye shida. Tumewahi kumkuta "mtukutu" mwenye minyoo na upungufu wa damu, na mwingine ambaye mwalimu alidai halali wala hasikii, kumbe alikuwa na kifafa cha kuduwaa, cha sekunde chache mara nyingi kwa siku. Fimbo haikutibu hata mmoja wao.

NYUMBANI, WAKATI HUO HUO

Usonji hauna dawa ya kuuponya, wala mtindio wa ubongo hauna. Mtu akiwauzia maji, mafuta au vidonge vya kuuondoa, anataka fedha zenu. Dawa za hospitali ni kwa yale yanayoambatana nazo, hasa kifafa, nazo msizikatize hata mtoto akipata nafuu. Kinachosaidia ni mafundisho ya polepole, ya kila siku. Shirika la Afya Duniani limetengeneza mafunzo ya wazazi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wanaochelewa, ya vikao 9 vya kikundi na kutembelewa nyumbani mara 3. Msingi wake ni jambo ambalo mama yeyote aweza kulianza leo: kaa chini, usawa wa macho ya mtoto, ingia katika mchezo anaoupenda yeye. Anazungusha mfuniko? Zungusha nawe. Sema neno moja, "zunguka", kisha nyamaza ungoje. Kungoja ndiko kunakowashinda wengi. Mpe uchaguzi wa vitu viwili, ndizi au chungwa, na ukubali jibu la macho au la kidole kama vile amesema.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo asilishwe akiwa amelala chali. Wengi wao hufa kwa chakula kuingia mapafuni, si kwa mtindio. Akae wima, kichwa kiinamie mbele kidogo, uji uwe mzito wa kijiko, na haraka isiwepo.

Na hawa waliofungiwa chumba cha nyuma. Tunajua wapo, jumuiya inajua pia. Wengine wamefungwa kamba mguuni ili mama aende shambani, na hatuwezi kumlaani mama huyo kabla hatujamuuliza ni nani angemshikia mtoto. Jirani akijitolea asubuhi mbili kwa wiki, kamba inafunguka. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyo haki ya kusoma na kutibiwa kama wengine. Shule zenye vitengo si nyingi, lakini zipo: Dar es Salaam, Msimbazi Mseto ina kitengo cha usonji na Sinza Maalumu huwapokea wenye ulemavu wa akili, na walimu wa elimu maalumu huandaliwa Patandi, Arusha. Waulizeni maofisa elimu wa wilaya yenu ni shule gani iliyo karibu, na mwende na barua ya daktari, kwa kuwa mwalimu mkuu ataiomba.

Wapo watakaosoma haya na kusema wa kwao ana miaka 9 au 10, hajawahi kuonwa na mtu, basi wakati umepita. Mleteni. Tutapima masikio na macho, tutauliza juu ya kifafa, tutatazama meno ambayo pengine yanamuuma na hawezi kusema. Kisha tutachagua naye jambo moja, labda kujimwagia maji mwenyewe, tuligawe katika vipande vidogo: kushika kopo, kuchota, kumwaga, kuchukua sabuni. Mtaanza na kipande cha mwisho, mkono wa mama juu ya mkono wake, na mtarudi kwetu baada ya wiki nne kutuambia kimefika wapi.